Unene wa Mtoto si Cheti cha Mshahara Mzuri

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Hapa Bunia mtoto akinenepa, majirani husifu: "Baba yake analipwa vizuri!" Sisi wa ukurasa huu hatuikubali sifa hiyo. Tunajua sababu yake: Ituri ina watoto wengi waliokonda kwa njaa, hasa wale waliokimbia vita. Lakini kukonda kupita kiasi na kunenepa kupita kiasi, yote mawili ni hatari. Mtoto mnene mno mara nyingi hukua na unene huo, na ukubwani ugonjwa wa sukari na shinikizo la damu humpata kwa urahisi.

Tazama siku ya mshahara. Baba anarudi na sukre na mandazi. Chupa moja ya sentilita 33 huwa na sukari karibu gramu 35, yaani vijiko 8 hivi vya chai. Nani kati yetu angemtilia mtoto vijiko 8 katika kikombe kimoja? Sukre iwe ya sikukuu. Fedha hiyo inunue maharagi, lenga-lenga, avoka au samaki wa Kasenyi.

Tazama tena miguu yake. Asubuhi anapandishwa pikipiki kwenda shule. Jioni anaketi mbele ya televisheni au simu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 achangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Mpira, kamba, nzango, kukimbizana: yote hayo hayadai fedha.

Utasema: "Usalama ni mdogo, mtoto abaki nyumbani." Una haki kuogopa. Lakini ua wa nyumba unatosha kwa kamba na nzango. Toka nje ucheze naye. Mkataze kukaribia mashimo ya dhahabu yaliyojaa maji. Na kubeba mawe machimboni si mchezo: kunaharibu mwili wa mtoto, na sheria ya Kongo inakukataza.

Usimshindishe njaa mtoto mnene, kwa maana bado anakua. Mpeleke kituo cha afya apimwe uzito na urefu pamoja, ufuate shauri la muuguzi.

Kazini tunavaa kofia kabla jiwe halijaanguka. Nyumbani tufanye vivyo hivyo.

KINGA KWANZA, DAWA BAADAYE!