Hisa za Kampuni Ndogo Zisidharauliwe

Wazee wetu wa Nainokanoka wajua jambo moja ambalo wanunuzi wengi wa hisa hawalijui. Katika ukame mkali, kama ule wa mwaka 2009, kila mtu hupeleka ng'ombe mnadani na bei huanguka. Lakini mzee mwenye akiba ya malisho hupita polepole, akatazama meno, akapapasa mbavu, akanunua mtamba aliyekonda lakini asiye mgonjwa. Mvua zikinyesha, wenzake husema ana bahati. Mimi nasema ana macho.

Naandika haya kwa sababu mali ya wazazi wetu karibu yote ina miguu minne. Kilimo kimekatazwa humu hifadhini, na ukame ukija mali yote huugua pamoja. Kwa maoni yangu sehemu ndogo ya fedha za ng'ombe ingewekwa katika hisa, tena si za kampuni zile kubwa tu ambazo kila mtu azitaja.

Methali yasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la hisa siikubali. Kampuni ndogo ina hisa chache. Mfuko mkubwa wa pensheni hata ukizitaka hauwezi kupata za kuutosha, basi hauzitazami. Magazeti nayo hayana la kuandika. Hivyo bei yaweza kukaa chini ya thamani ya mali ya kampuni kwa sababu tu hakuna atazamaye.

Chukua mfano wa TOL, watengenezaji wa oksijeni na gesi nyingine. Hisa zao ndizo zilizofungua Soko la Hisa la Dar es Salaam, Aprili 1998, baada ya kuuzwa kwa shilingi 500. Halafu bei ikashuka, ikakaa chini miaka mingi, watu wakishughulika na bia na benki. Je, hospitali ziliacha kuhitaji oksijeni? Viwanda vya soda viliacha kuhitaji gesi, kama ile itokayo ardhini huko Rungwe? Hata kidogo. Baadaye bei ilipanda ikapita ile ya kwanza, na aliyenunua wakati wa kudharauliwa alicheka peke yake.

Labda msomaji ataniambia kwamba si kila mtamba aliyekonda hunenepa. Ni kweli kabisa. Mwaka 2013 soko lilifungua dirisha maalum la kampuni changa, na Benki ya Maendeleo ikawa ya kwanza kuingia. Mwaka uliofuata iliingia Swala, kampuni ya kutafuta mafuta na gesi. Ikaja kuelemewa na madeni, na wenye hisa wakaumia. Nayo Benki ya Mwalimu, ambayo walimu wetu waijua kuliko mimi, ilipata hasara katika miaka yake ya mwanzo. Wako wanaonunua kitu kwa sababu tu ni rahisi, na hao siwatetei. Urahisi si sifa. Swali ni kwa nini kimekuwa rahisi: ni njaa ya msimu au ni ugonjwa?

Tena fedha za nauli ya mwanafunzi na mahitaji ya bweni zisiguswe. Ng'ombe utamwuza siku ya mnada, lakini hisa ya kampuni ndogo yaweza kukaa majuma mengi bila mnunuzi.

Meno ya kampuni ni hesabu zake za mwaka: madeni kiasi gani, fedha taslimu kiasi gani, faida inatoka wapi. Hesabu hizo huandikwa zaidi kwa Kiingereza, na hapo ndipo wazazi wetu hukwama. Mimi sijatimiza miaka 18, siwezi kununua hisa peke yangu. Lakini sisi tusomao Utunzaji wa Hesabu twaweza kuzisoma likizo hii, tukamweleza baba kwa Kimaasai kila mstari, naye atuulize maswali kama aulizavyo mnadani.