Mwacheni Mjane Alie

Mjane akiishiwa nguvu kando ya jeneza, wanawake wawili humwahi na kumshika mabega, na mmoja humnong'oneza: "Jikaze, mama. Wewe ni mtu wa maombi." Wiki haijaisha, mzee wa kanisa anafika nyumbani na ujumbe uleule kwa maneno marefu zaidi: aliyeokoka ana amani ya Mungu, na mwenye amani ya Mungu halii hivyo. Husemwa kwa upendo, najua. Hata hivyo ni mafundisho potofu, na yameumiza watu wengi mno kwa sisi kuendelea kuyaitikia "amina".

Andiko linaloegemewa ni moja, tena husomwa nusu. Katika waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 4, Paulo anawaambia waliofiwa wasihuzunike kwa namna ya watu wasio na tumaini. Wahubiri wengi huishia kwenye kuhuzunika na kuacha maneno yanayofuata. Paulo hakukataza huzuni. Alitenganisha huzuni ya mwenye tumaini na ya asiye nalo, na zote mbili zina machozi. Angekataza kulia, angekuwa amemkemea Bwana wake mwenyewe, aliyelia mbele za watu kule Bethania walipokuwa wakimwonyesha alikozikwa Lazaro, ilhali alikuwa amekwisha kuwaambia wanafunzi wake kwamba anakwenda kumwamsha.

Na ile amani inayozidi uwezo wa akili zetu, ambayo wachungaji wengi hututamkia ibada ikifungwa, imetoka katika barua ya mfungwa. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni. Katika sura ya 2 anamtaja Epafrodito, waliyemtuma kumhudumia, aliyeugua hadi karibu na kufa. Anakiri waziwazi kwamba mtu huyo angekufa, yeye angerundikiwa huzuni juu ya huzuni. Maana yake huzuni ya kwanza alikuwa nayo tayari. Ni mkono uleule, katika barua ileile, ulioandika juu ya amani. Tena katika sura ya 4 ahadi hiyo inakuja baada ya agizo la kumweleza Mungu kila haja yetu. Anayelazimishwa kunyamaza anazibiwa njia yenyewe ya kuifikia amani anayohubiriwa.

Zaburi ya 88 inaishia gizani. Haina mstari wa ushindi mwishoni wala shukrani ya kufungia, na bado imo katika Maandiko Matakatifu. Nimehudhuria ibada nyingi za mazishi na sijawahi kuisikia ikisomwa.

Hata mifano yetu tunaikata. Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago, huhubiriwa kama mtu asiyetikisika. Novemba 1873 meli ya Ville du Havre ilizama katika Atlantiki. Binti zake wanne wakafa, mkewe Anna akaokolewa. Kutokana na msiba huo alitunga wimbo wa amani unaoimbwa hadi leo katika makanisa yetu. Tukifika hapo tunafunga hadithi. Hatusemi kwamba ubeti wa kwanza wa wimbo huo unataja majonzi pamoja na amani. Hatusemi kwamba mwaka 1880 wazazi haohao walimzika na mtoto wao wa kiume, kwamba baadhi ya waumini wenzao waliona misiba hiyo kuwa adhabu ya Mungu, na kwamba waliachana na kanisa lao na kuhamia Yerusalemu mwaka 1881. Waliofiwa mara mbili walibebeshwa na mzigo wa kuhukumiwa na watu wa imani yao. Jambo hilo linanichoma, kwa sababu linafanyika kwetu leo.

Tazameni zamu ya ushuhuda Jumapili. Kipaza sauti hupewa aliyepona, aliyepata kazi, aliyefungua tumbo baada ya miaka ya maombi. Nafurahi nao kwa moyo wote. Lakini ambaye bado yuko katikati ya maji hana dakika hata moja katika ratiba, na hivyo hujifunza kuvaa uso wa Jumapili. Nimewajua waumini wanaomeza dawa za sonona kwa kujificha, wakihofia kuambiwa hawamtegemei Mungu. Watu hao hawakukosa imani. Walikosa kanisa la kulilia.

Paulo hakupata amani yake peke yake. Kabla ya kumaliza barua, anawashukuru Wafilipi kwa kushiriki dhiki yake, nao hawakuwa wamemtumia mahubiri: walimtuma mtu na mahitaji, safari ndefu iliyokaribia kumgharimu maisha. Kwa hiyo, wazee wa kanisa, mkienda kwa mfiwa wiki ijayo, chukueni unga na nauli ya watoto wa shule, kaeni, msimkatize akilia. Akiwauliza Mungu alikuwa wapi, msikimbilie kumjibia Mungu. Someni naye ile Zaburi ya 88 mpaka mwisho, kisha mrudi tena baada ya arobaini, maturubai yakishaondolewa na simu zikiwa zimeacha kuita.