Kabla ya Kuongeza Kipindi, Turudishe Vile Tulivyovipoteza



Katika mkutano wa wazazi niliohudhuria hapa Katuba, baba mmoja alisimama akasema kwamba dawa ya udhaifu wa watoto wetu ni rahisi: wanafunzi wa mwaka wa 7 na wa 8 wabaki shuleni kipindi kimoja zaidi kila siku. Makofi yakapigwa. Mama mmoja aliyekuwa ameketi nyuma akauliza: "Na wale wa zamu ya mchana wataingia saa ngapi?" Hakuna aliyemjibu. Mkutano ule utaitishwa tena, na wengi kati yenu mtakuwapo, kama wakubwa wa jamaa wanaowasimamia wadogo zao. Naandika ili mama yule apate jibu, na ili ninyi msipige makofi kabla ya kupima.

Nasema tangu mwanzo ninakosimama. Katika hali tuliyo nayo leo, napinga kipindi hicho cha nyongeza. Siwapingi wale wanaokiomba, kwa maana ugonjwa wameuona vema. Naipinga dawa yao.

Ugonjwa ni huu. Mtoto anaanza shule kwa Kiswahili, halafu anahamishiwa katika Kifaransa, mara nyingi kabla hajashika vema kimojawapo. Anapofika mwaka wa 7 anaachana na mwalimu mmoja aliyemjua kwa jina, anakutana na walimu wengi, kila mmoja na somo lake: aljebra, fizikia, biolojia, historia. Wote wanamfundisha katika lugha ambayo anaweza kuitamka ubaoni bila kujua imesema nini. Mwisho wa mwaka wa 8 mtihani wa TENASOSP unamngojea, nao ndio husaidia kuamua aelekee upande gani wa masomo. Kwa hiyo baba yule alisema kweli: watoto wetu wanachelewa, na muda ni mchache. Swali ni kama muda huo ulikosekana au ulipotea.

Tuanze na kuta. Shule nyingi za mtaa wetu zinafanya zamu mbili katika vyumba vile vile. Wa asubuhi wanatoka, wa mchana wanaingia. Madawati hayapati hata nafasi ya kupoa. Ukiongeza dakika 50 kwa zamu ya asubuhi, zamu ya mchana itaanza ikiwa imechelewa dakika 50. Ukitaka nayo ipate kipindi chake kipya, itamaliza baada ya saa moja na dakika 40 zaidi ya ilivyo sasa. Nanyi mnajua jua la Lubumbashi. Mwezi wa Mei na wa Juni linazama kabla ya kengele ya Malaika wa Bwana ya jioni. Msichana wa miaka 13 atatembea gizani, katika njia isiyo na taa, ili kitabu cha ripoti kiseme kwamba amefundishwa zaidi. Na wakati wa mvua, ile ya alasiri inayojaza mitaro na kuifanya njia kuwa mto, atangoje wapi? Au tuseme kwamba nyongeza ni ya asubuhi peke yake? Basi tumewagawa watoto wa shule moja: wenye saa nyingi na wenye saa chache, kwa bahati ya zamu waliyopangiwa.

Sasa tufanye hesabu ambayo mkutano haukuifanya. Chukua shule yenye vipindi 6 kwa siku na siku 6 kwa juma. Mwalimu akichelewa kuingia dakika 10 katika kila kipindi, darasa linapoteza dakika 60 kila siku. Kipindi cha nyongeza kinarudisha 50. Mtoto akifukuzwa juma moja kwa ajili ya minervali isiyolipwa, amepoteza vipindi 36. Kipindi kimoja cha nyongeza kwa siku kitahitaji siku 36 za shule, yaani majuma 6, kumrudishia lile juma moja. Na katika majuma hayo 6, ada nyingine itakuwa imefika, naye atakuwa amesimama tena nje ya lango na sare yake ya bluu na nyeupe. Anayemimina maji katika bidoni iliyotoboka atachoka yeye kabla bidoni haijajaa.

Hapa tuitaje sheria, kwa kuwa wengi hawaijui. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya shule za msingi katika shule za umma ni ya lazima na bila malipo. Ilitupasa kungoja hadi Septemba 2019 ili Serikali ianze kulitimiza hilo nchini kote. Nayo sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 ilisema kwamba elimu ya msingi ni ya miaka 8. Lakini msamaha wa malipo ni wa miaka 6 ya kwanza. Kwa hiyo mtoto anayeingia mwaka wa 7 anavuka mpaka: jana hakudaiwa, leo anadaiwa. Ni mwaka ule ule ambao masomo yanazidi kuwa magumu. Tukitafuta mahali ambapo saa za mtoto wa Katuba zinamwagika, tutazame hapo kwanza. Hazimwagiki kwa sababu kengele inapigwa mapema mno.

Zinamwagika pia kwa mwalimu asiyelipwa ipasavyo. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, shule zilipofunguliwa, walimu katika majimbo mengi waliweka chaki chini wakidai haki zao. Siwahukumu. Lakini nauliza: mtu ambaye mshahara wake haumtoshi kwa vipindi alivyo navyo, kipindi kipya atakifanya kwa nguvu gani? Atalipwa na nani? Jibu mnalijua. Jambo la nyongeza shuleni kwetu huanza kwa jina zuri na kuishia katika karatasi ya malipo. Katika miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi walianza kuwachangia. Ilisemwa kwamba ni msaada wa muda. Msaada huo wa muda ulidumu katika shule za msingi hadi 2019.

Nayajua mambo haya kwa kuwa nilikuwamo. Nilitoka shule ya ualimu katika miaka hiyo, kijana mwenye chaki mfukoni na njaa nyumbani. Nilianzisha saa ya jioni kwa wanafunzi wangu, kwa malipo madogo. Nia yangu ya kwanza ilikuwa njema. Lakini kabla ya miezi mitatu kupita nilijikuta naliacha somo la hesabu la asubuhi katikati, nikisema moyoni: nitalimaliza jioni. Waliolipa walikuwa kama nusu ya darasa. Nusu nyingine niliwapa nusu ya somo. Jioni moja nilimwona mvulana, ambaye baba yake alikuwa amepoteza kazi, amesimama nje ya dirisha akiandika juu ya daftari aliloliegemeza ukutani. Nilikwenda nikalifunga dirisha. Hakuna mkubwa aliyeniamuru. Nilifanya hivyo kwa mkono wangu, kwa sababu wenzake walilipa na yeye hakulipa. Mvulana yule leo ni mtu mzima, na sijui kama analikumbuka dirisha lile. Mimi nalikumbuka. Ndiyo maana ninaposikia "saa ya nyongeza" nauliza kwanza ni nani atakayebaki nje.

Mtaniambia: nchi nyingine zimerefusha siku ya shule, nazo hazikuharibika. Ni kweli, basi tuangalie walivyofanya. Chile nao walikuwa na shule za zamu mbili kama sisi. Mwaka 1997 walitunga sheria ya kuwa na siku nzima ya shule. Lakini sheria ile ilikwenda pamoja na fedha za kujenga madarasa, kwa maana walielewa kwamba zamu mbili haziwezi kuwa siku nzima moja ndani ya chumba kimoja. Kuta zilikuwa sehemu ya sheria yenyewe. Jirani zetu wa Kenya, kwa upande wao, waliona hatari ya kumbana mtoto kwa masomo yasiyo na kikomo. Sheria yao ya elimu ya 2013 ilikataza masomo ya wakati wa likizo. Mataifa hayo mawili yalikwenda njia tofauti, lakini yote mawili yalikubali kwamba wingi wa saa peke yake si elimu.

Tena kuna jambo la njaa, ambalo katika mikutano tunaona haya kulitaja. Watoto wengi wanatoka nyumbani na chai tupu, na bukari inawangoja jioni. Kipindi cha mwisho cha siku kinafundishwa kwa vichwa vilivyolala juu ya madawati. Kuongeza kingine baada ya hicho ni kumwita mtoto mvivu kwa kosa la tumbo lake. Na saa tunayotaka kuichukua haikuwa tupu. Ndiyo saa ambayo binti anachota maji, mvulana anamsaidia mama yake mezani sokoni, wengine wanakuja kwenu katika Kizito-Anuarite, katika kwaya, katika katekesi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Mlezi wa kwanza hawezi kuachiwa mtoto anapokuwa tayari amesinzia.

Kwa hiyo sisemi kamwe. Nasema kwa utaratibu. Siku ambayo zamu ya mchana itakuwa na vyumba vyake, mtoto hafukuzwi kwa sababu ya ada, mwalimu analipwa kwa kipindi kipya bila kuingia mfukoni mwa mzazi, na kuna kitu cha kula katikati ya siku, nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Na siku hiyo nitaomba kipindi kile kisiwe hotuba nyingine ubaoni. Kiwe cha kusoma: mtoto na kitabu, na mtu mzima karibu naye wa kumweleza neno asilolijua.

Lakini ninyi msingoje siku hiyo. Shule zetu nyingi ni za Kanisa, ambalo kwa Mkataba wa 26 Februari 1977 lilipokea tena kazi ya kuzisimamia. Hatuwezi kusema mambo haya ni ya wengine. Nawaomba mambo mawili. La kwanza: kwa mwezi mmoja, kila kundi liwaombe wadogo wa mwaka wa 7 na wa 8 waandike katika daftari kila kipindi kilichopotea na sababu yake, bila kutaja jina la mwalimu. Daftari hilo lipelekwe katika mkutano wa wazazi, lisomwe kabla ya neno lolote juu ya kuongeza. La pili: ninyi mliomaliza masomo ya sekondari, fungueni ukumbi wa parokia alasiri mbili kwa juma, wa asubuhi wasome wakati wa mchana wako darasani, na Jumapili baada ya Misa iwe zamu ya hao wengine. Bila malipo, bila orodha ya waliolipa.

Na madirisha ya ukumbi yaachwe wazi.