Picha Imevuja, Sawa. Lakini Ni Nani Anataka Pesa Yako?

Wasee wa Kitale na Bungoma, leo tuongee ukweli kidogo.

Simu haijatoka, haina bei, haina hata tarehe, lakini picha yake ishafika kwenye status za watu kutoka Kiminini hadi Kanduyi. Imepigwa gizani, mkono unatetemeka, kidole kimefunika nusu ya kamera. Hapo vita vinaanza. Huyu anasema, "Hii ni yenyewe!" Yule anajibu, "Wapi, hiyo ni ya AI."

Maoni yangu ni haya: tunakimbilia swali la pili na kuliruka la kwanza. Kabla ya kuuliza kama picha ni ya kweli, uliza aliyeituma anataka nini kwako. Kama anataka tu uitazame, sawa, ni stori. Akianza kusema "tuma thao tano nikushikilie moja", hiyo si stori tena. Ni biashara, na bidhaa yenyewe hajaiona hata yeye.

Watu wanaumia hapa. Msee anauza simu yake nzima, ile anayopokelea wateja wa boda, kwa sababu ameona picha na ameahidiwa mpya "mwezi ujao". Mwezi unafika, anabaki na mulika mwizi na namba isiyoshikwa.

Sasa turudi kwa picha. Kuna wakati picha iliyovuja ni ya kweli kabisa. Mwaka 2010, simu ya majaribio ya Apple ilisahaulika kwenye baa huko Redwood City, California. Ilikuwa imevalishwa kasha la kuifanya ionekane kama iPhone 3GS. Tovuti ya Gizmodo ikainunua kwa dola 5,000, ikaifungua na kuionyesha dunia mwezi wa Aprili. Apple iliizindua rasmi mwezi wa Juni kama iPhone 4. Lakini angalia kilichofanya watu waamini. Sura peke yake haikutosha. Simu ilifunguliwa, vipuri vya ndani vikaonekana, halafu Apple yenyewe ikaandika barua kuomba irudishiwe mali yake. Hakuna mtu huandika barua kudai feki.

Mwaka 2019 Google walifanya kituko kingine. Fununu za Pixel 4 zilikuwa zimezidi, wakaamua kuweka wenyewe picha ya mgongo wa simu kwenye Twitter mwezi wa Juni, na uzinduzi ukafanyika Oktoba. Kwa hivyo usiwe mtu wa kusema kila kilichovuja ni uongo. Ni uvivu kama ule wa kuamini kila kitu.

Kati ya hizo mbili kuna kundi la tatu, na ndilo huchanganya wengi. Watengenezaji wa kava huhitaji vipimo mapema ili kava zao ziwe sokoni siku simu inapotoka. Kutokana na vipimo hivyo watu huchora picha safi kwa kompyuta, au hutengeneza kiigizo cha plastiki au chuma chenye umbo lile lile. Ukipiga picha kiigizo hicho, kivuli ni cha kweli, mkono ni wa kweli, meza ni ya kweli. Simu tu ndiyo haipo. Haiwezi hata kuwaka.

Basi ukiona picha, fanya hivi:

1. Itafute kwa Google Lens. Picha nyingi "mpya" zilizunguka mwaka jana zikiwa na jina la simu nyingine.

2. Tazama vitu vidogo. Herufi za nembo, matundu ya spika, vitufe vya pembeni, mwanga kwenye kioo cha kamera. AI hukosea hapo: matundu hayalingani, mwanga unatoka pande mbili.

3. Uliza kama simu imewashwa. Skrini nyeusi na mgongo unaong'aa si ushahidi mkubwa.

4. Linganisha na mambo yanayojulikana. iPhone zilihamia USB-C mwaka 2023, na tangu 28 Desemba 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka simu mpya zinazochajiwa kwa waya ziwe na tundu hilo. Ukiletewa "iPhone ijayo" yenye tundu la zamani, cheka uendelee na safari.

Na usidanganywe na anayesema, "Picha haina maelezo ya ndani, kwa hivyo ni feki." Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, maelezo ya ilipigwa lini na kwa kamera gani huondolewa. Kukosekana kwake hakuthibitishi lolote.

Lakini tuseme picha imepita mitihani yote. Bado hujui bei ya Kenya. Hujui betri inakaa saa ngapi. Hujui hata ndani mna nini: Galaxy S24 ya kawaida iliuzwa Marekani na chipu ya Snapdragon, Ulaya na Exynos, na ukizitazama mgongo ni pacha.

Sisi Wakenya tunalijua hili la sura. Mwishoni mwa Septemba 2012, tume ya mawasiliano iliamuru simu feki zizimwe, na zaidi ya milioni moja zikanyamaza. Nyingi zilifanana na za kampuni kubwa kwa nje. Kilichozikamata ni namba ya IMEI, ile unayoiona ukibonyeza *#06#. Picha iliyovuja haina *#06#.

Halafu tuko Trans Nzoia, jameni! Nani hapa hununua gunia la mahindi kwa picha? Unaingiza mkono mpaka chini, unang'ata punje. Ukipeleka kwa bodi ya nafaka, wanapima unyevu, na ukizidi asilimia 13.5 unarudi nayo ukaanike. Kama gunia la mahindi linapimwa hivyo, mbona simu ya elfu themanini inunuliwe kwa kivuli?

Na sisi tunaotengeneza maudhui tuache kuandika "IMETHIBITISHWA" kwa sababu ya views. Sema picha umeitoa wapi. Sema kama ni mchoro, kiigizo au simu inayowaka. Mtu wa Chwele anayekufuata anaweza kuuza kuku wa mama yake kwa neno lako.

Furahia picha, bishana, tuma kwa marafiki. Pesa ikae mfukoni mpaka simu iwe mkononi mwako, imewaka, na IMEI umeisoma mwenyewe.

Kama kuna picha inazunguka huko kwenu, itume hapa chini tuichambue pamoja.