MVUA HAINGOJI MSHAHARA

Wengi wetu hapa Butimba tuna desturi ya kungoja mpaka wingu litande juu ya Ziwa ndipo tuazime ngazi. Desturi hii ni ghali. Vuli huanza Oktoba. Basi Julai na Agosti ndiyo miezi ya kazi, maana mshahara wa kima cha chini hauwezi kubeba gharama zote kwa mara moja. Mwezi huu mtu anunue misumari na lami kidogo ya kuziba matundu ya bati. Mwezi ujao, gunia la makaa makavu. Dagaa nao wawekwe sasa, wakati jua lingali likiwakausha barabara. Mvua ikishika huoza, na walio wazima hupanda bei.

Lakini liko jambo lisilotaka hata senti moja, nalo ndilo lipuuzwalo zaidi: mfereji. Nyumba zetu zimepandana vilimani kati ya mawe, na maji ya jirani wa juu humwangukia wa chini, pamoja na uchafu wa vyoo. Kipindupindu hupita njia hiyo hiyo. Si haki aliye juu kusema kwake ni kukavu. Twawaomba mabalozi wa nyumba kumi wawaite watu wao, na majembe, kabla Septemba haijesha.

Walio ufukweni wana hesabu nyingine. Mvua za 1961 hadi 1964 zililipandisha Ziwa zaidi ya mita mbili, na mwaka 2020 likakifikia tena kimo kile. Mfereji hauzuii ziwa. Hao waanze sasa kutafuta chumba upande wa juu, kabla wengi hawajakitaka.