Kabla ya Mifumo Kusomana, Watu Wasomane

Limezagaa maofisini siku hizi neno la mifumo ya Serikali "kusomana". Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe amekwisha kuliagiza jambo hilo zaidi ya mara moja, nasi tunaliunga mkono bila kusita. Lakini wahenga walinena: kuelekeza si kufuma. Mifumo ya kompyuta haitasomana ikiwa waliopewa kazi ya kuitengeneza hawasomani na watendaji wanaojua haja ya wananchi.

Tuna mfano wetu wenyewe wa kujivunia. Mwaka 2017 Wizara ya Fedha ilianzisha mfumo wa kukusanya malipo ya Serikali, GePG, uliotengenezwa na wataalamu wa humu humu nchini. Kabla ya hapo taasisi nyingi zilikuwa na njia zake, akaunti zake na masharti yake na mabenki. Leo taasisi huomba namba ya malipo kutoka katika mfumo huo mmoja, mwananchi hulipa benki au kwa simu yake ya mkononi, na taarifa hurejea papo hapo kwa taasisi husika. Mkazi wa Mbagala anayelipa ankara ya maji, na mwenzake wa Bunju anayelipia leseni ya biashara, hupita katika mlango huo huo mmoja.

Ni vema tujiulize sababu ya mafanikio hayo. Kwa maoni yetu, sababu kubwa ni kwamba lengo lilijulikana tangu awali: fedha ya umma ionekane, na mlipaji asisumbuke. Kila fundi aliweza kuipima kazi yake kwa lengo hilo.

Hapo ndipo penye mtihani. Kikosi kinachojenga msingi wa namna hii hakionani na mwananchi. Kinawahudumia mafundi wa taasisi nyingine, ambao nao ndio wanaowahudumia wananchi. Mtu aliye mbali kiasi hicho na dirisha la huduma ni rahisi kuupenda ufundi kwa ajili ya ufundi, akasahau kwamba mwisho wa uzi huo amesimama mama mwenye genge, ambaye kila saa anayoipoteza ofisini ni saa ya mauzo.

Tuchukue kadi ya N-Card, iliyotumika katika kivuko cha Magogoni na Kigamboni na pia katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke. Kadi ni moja, lakini haja ni mbili tofauti. Uwanja ule huchukua watazamaji 60,000, ambao wengi wao hufika milangoni kwa mkupuo kabla ya mpira kuanza. Kivukoni abiria ni yule yule kila siku, anawahi kazini alfajiri, na nauli yake ni ndogo. Fundi asiyewahi kusimama katika milango hiyo miwili hawezi kuyajua hayo kwa kusoma makaratasi. Atayajua akipelekwa, na wa kumpeleka ni kiongozi wake.

Basi tunasema kwamba kiongozi wa kikosi cha namna hii ana dhima tatu. Kwanza, awaeleze mafundi lengo kwa lugha nyepesi, wala asiwapelekee orodha ya maagizo matupu. Pili, awaeleze wakubwa, bila woga, kazi ipi inawezekana kwa muda uliopo na ipi haiwezekani. Maana mfumo uliozinduliwa kwa haraka ili kupendezesha sherehe huishia kuwa mzigo kwa karani na kwa mwananchi. Tatu, akipime kikosi chake kwa huduma. Taarifa zetu nyingi huhesabu mifumo iliyozinduliwa. Ni mara chache kuhesabu malipo yaliyokwama, au watu walioambiwa "mtandao unasumbua, rudi kesho".

Watendaji nao wasijivue lawama. Wako wanaodhani kompyuta ni mambo ya vijana wa chumba cha nyuma, wakawaita siku mtambo unapokwama tu. Huo ni urasimu wa zamani uliovishwa nguo mpya. Mwenye kujua haja ya ofisi ni mkuu wa ofisi. Akinyamaza, fundi atakisia.

Sisi wa Visiwani suala hili linatuhusu moja kwa moja. Tunayo Mamlaka yetu ya Serikali Mtandao, eGAZ, na tunao mfumo wetu wa ZanMalipo. Wakazi wetu huvuka kila siku kati ya Malindi na Dar es Salaam, wana jamaa na biashara Temeke na Kinondoni, na hufahamu upesi huduma ipi ni nyepesi na ipi ni nzito. Tunawaomba viongozi wahusika wawatoe mafundi ofisini walau siku moja kila mwezi, wakae na karani dirishani Chake Chake, Mkokotoni na Darajani, wasikilize. Gharama yake ni nauli tu.

Fedha inayolipia mitambo hii ni amana ya wananchi. Hesabu ya amana hiyo itatolewa dirishani.