Mtu Mzima Kucheza Si Uzururaji

Juma lililopita, tulipokuwa tukijadili wajibu wa raia, mmoja wenu alisema kwamba wanaume wanaocheza mweso chini ya mti ni wazururaji, na kwamba mzazi mwenye haya hawezi kucheza kwepena na wanawe. Darasa likacheka. Mimi sikucheka, na leo ninampinga.

Tuutazame mweso wenyewe. Ubao wake una mashimo 32 na kete 64, sawa na bao la Waswahili wa pwani. Watoto huyachimba mashimo hayo mchangani. Katika kasri la Kabaka mchezo huohuo ulichezwa kwa heshima zote. Mchezaji huchota kete, huzipanda moja moja, na ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete huchota tena, mpaka aishie kwenye shimo tupu. Nani awezaye kuhesabu hivyo huku akiwaza kodi ya nyumba? Dereva wa bodaboda aliyesongwa na magari ya Kampala tangu alfajiri huketi hapo nusu saa, pumzi ikatulia, mabega yakashuka. Kwepena nayo (bila shaka mmekwisha kukisikia humo kitenzi chetu “kukwepa”) humlazimisha mama aruke, akose, acheke mbele ya watoto wake. Hasira za kazini hupungua.

Neno “mzururaji” tulitumie kwa hadhari. Sheria za uzururaji tulizorithi kwa Waingereza ziliwatia maskini mbaroni kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Katiba ilipobatilisha baadhi ya vipengele vyake mwaka 2022. Tena Tamko la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 24, linampa kila mtu haki ya kupumzika. Kila mtu, mwenye mvi pia.

Ajabu ni kwamba duka la kamari, lenye viti na runinga, limejaa mitaani mwetu. Kijana hutoka humo mfuko mtupu, moyo ukimdunda, naye tunamwita mteja. Wacheza mweso, mti wao ukikatwa ili magari yaegeshwe, hakuna anayewauliza watakwenda wapi.

Basi mwenyekiti wa mtaa wenu akiitisha mkutano, mwulizeni kiwanja cha kuchezea kiko wapi, na kama watu wazima wanakaribishwa. Na yule aliyewachekesha wenzake aje Ijumaa baada ya vipindi. Nitakuwa na ubao.